Miwani ya VR haijafa, imekwama usoni

Mwaka 2024 peke yake Meta, hawa wenye Facebook na WhatsApp, walipata hasara ya dola bilioni 17.7 kwenye kitengo chao cha Reality Labs, ndo kile kinachotengeneza miwani ya VR ya Quest, ile unayoifunga usoni ukaona dunia ya kompyuta badala ya chumba ulichomo, pamoja na zile miwani za kamera wanazoshirikiana na Ray-Ban. Mwaka 2023 hasara ilikuwa bilioni 16.1, mwaka 2022 ilikuwa 13.7. Halafu Oktoba ya huohuo 2024 wakatoa Quest 3S kwa dola 299, yaani bei ya simu ya kawaida tu. Mtu akiziona hizo namba pamoja anachanganyikiwa, hii biashara inakufa au inakua? Na wanaoandika mitandaoni nao wamegawanyika, nusu wanaizika VR na nusu wanatabiri kwamba mwakani kila nyumba itakuwa nayo. Mimi naona pande zote mbili zinaangalia kusikohusika. Ishu ya VR kwa sasa haipo sana kwenye picha wala kwenye bei, ipo kwenye mwili wa anayevaa, macho yake, sikio lake la ndani, shingo yake, na ukishaelewa hapo mengine yanaeleweka yenyewe, hadi hayo mabilioni.

Tuanze kwa kutenganisha vitu, maana huku kwetu watu wengi wakisikia VR wanakumbuka kile kiboksi cha plastiki unachopachika simu mbele, kiliuzwa sana mjini miaka ya 2016 na 2017, unaangalia video ya rolakosta dakika tano, kichwa kinauma, unakirudisha kwenye boksi lake na habari inaishia hapo. Wazo lile lilitokana na Cardboard ya Google ya 2014, na Samsung nao wakaja na Gear VR mwaka uliofuata. Tatizo lake ni kwamba simu inajua tu umegeuzia kichwa wapi, kulia, kushoto, juu, chini au umekilaza upande. Haijui kwamba umesogea. Ukiinama kuchungulia chini ya meza, meza nayo inashuka na wewe, na ubongo unakataa palepale. Kwahiyo aliyejaribu kile kiboksi akaamua VR ni upuuzi, namuelewa kabisa, ila hajakutana na chenyewe bado.

Chenyewe kinafuata kichwa chako kwa kila namna, kugeuka pamoja na kusogea mbele, nyuma, pembeni, juu na chini. Mwanzoni, mwaka 2016 zilipotoka Oculus Rift kwa dola 599 na HTC Vive kwa dola 799, kazi hiyo ilihitaji vifaa vya kufunga mezani au ukutani, kompyuta yenye nguvu, na waya mrefu unaokuzunguka miguuni. Kilichobadilisha mchezo ni Quest ya kwanza, Mei 2019, dola 399, haina waya, haina kompyuta, kila kitu kimo humohumo. Nje ina kamera ndogo zinazotazama chumba, zinashika alama kama kona ya kabati, fremu ya picha, ukingo wa dirisha, halafu zinahesabu alama hizo zimesogeaje ili kujua wewe umesogeaje, na katikati ya picha moja ya kamera na nyingine kuna sensa za mwendo zinazopima mtikisiko mara mamia kwa sekunde na kujaza pengo. Ndo maana ukiivaa kwenye chumba chenye giza inapotea, na ukuta mweupe mtupu nao unaisumbua, haina cha kushika.

Na yote hayo yanatakiwa yaishe haraka sana. Tangu ugeuze kichwa mpaka picha mpya ifike jichoni, wahandisi wanalenga chini ya milisekunde 20. Ikizidi hapo dunia inaonekana kuchelewa nyuma ya kichwa, na tumbo linaanza kulalamika.

Sasa hili la tumbo nalikalia kidogo, maana ndo linalofukuza watu wengi kimyakimya. Sikio la ndani lina vimiminika vinavyoupa ubongo habari kwamba mwili unatembea au umetulia. Ukiwa kwenye boti ya Zanzibar umekaa ndani unaangalia simu, sikio linasema tunayumba, macho yanasema tumetulia, ugomvi unaanza na matokeo yake unayajua. Kwenye VR ugomvi ni uleule ila umegeuzwa, macho yanasema tunakimbia, sikio linasema mbona tumekaa kwenye kochi. Kuongeza ubora wa kioo hakuondoi hilo hata kidogo, na pengine kunalizidisha, kwasababu picha ikiwa nzuri macho yanaamini zaidi. Wanaotengeneza gemu wamelijua hilo muda mrefu na wana mbinu zao. Wengine wanakufanya uruke kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kuona safari ya katikati, wengine wanaziba pembezoni mwa picha kwa giza kila unapotembea ili jicho la pembeni lisione mwendo. Beat Saber, gemu ya kukata vibao kwa mapanga ya mwanga kufuata muziki, imependwa kuliko karibu zote kwasababu nyingi, lakini mojawapo ni hii, wewe umesimama na sakafu uliyosimamia haiendi popote, vitu ndo vinakuja kwako. Bibi wa miaka 70 anaweza kuicheza akatoka mzima. Mpe huyohuyo gemu ya ndege za kivita uone.

Macho nayo yana kesi yao. Fanya hivi sasahivi hapo ulipo, inua kidole gumba kama sentimita 20 mbele ya pua, kikodolee. Ukuta wa nyuma umefifia, si ndiyo? Sasa tazama ukuta, kidole ndo kinafifia na kinakuwa viwili. Hapo mambo mawili yametokea kwa pamoja, mboni zote mbili zimegeuka kuelekea ndani au nje, na lenzi iliyo ndani ya jicho imejikaza au imejilegeza ili kuweka fokasi. Maisha yako yote mambo hayo mawili yameenda pamoja. Ukivaa miwani ya VR yanatengana, kwasababu kioo kiko sehemu moja tu, na lenzi za miwani zinakifanya kionekane kama kiko mita moja na kitu hadi mita mbili mbele yako, siku zote, hata kama unachokiona ni mlima wa mbali au barua uliyoishika mkononi. Mboni zinageuka kufuata barua, lenzi ya jicho inatakiwa ibaki kwenye ile mita moja na kitu. Ndo maana kusoma maandishi ya karibu ndani ya VR kunachosha, na ndo maana zile ahadi kwamba tutafanya kazi za ofisini masaa nane tukiwa na skrini kumi hewani mimi sijawahi kuziamini. Maabara zina njia za kulitatua, lenzi zinazobadilisha fokasi kwa umeme au vioo vya tabaka kadhaa, Meta wenyewe wameonyesha vifaa vya majaribio vya namna hiyo, ila hakuna miwani kubwa ya dukani yenye kitu hicho.

Halafu kuna ukali wa picha, na hapa kiukweli maendeleo ni makubwa, yanastahili sifa. Quest 3 ya Oktoba 2023 ina pikseli 2,064 kwa 2,208 kwa kila jicho. Inasikika nyingi, lakini zimetandazwa kwenye eneo pana la kutazama, macho yote mawili pamoja yanaona upana wa digrii kama 110, na katikati ya picha kila digrii moja inapata pikseli kama 25. Jicho la binadamu lenye afya linaweza kutofautisha kama 60. Kutoka 25 kwenda 60 sio mara mbili na nusu, maana unaongeza kwa upana na kwa urefu, ni karibu mara sita ya pikseli, na zote hizo zinachorwa upya mara 72, 90 au 120 kila sekunde, na chipu ya aina ya simu inayotumia betri ya masaa mawili na imebandikwa kwenye paji la uso wako ikipata joto. Haiwezekani kwa nguvu tu. Njia iliyobaki ni akili, kamera za ndani zinaangalia jicho lako limeelekea wapi, halafu ile sehemu ndogo unayoitazama inachorwa kwa ukali wote na pembeni panachorwa kizembe, kwasababu jicho lenyewe pembeni halioni vizuri. PlayStation VR2 inafanya hivyo, Apple Vision Pro inafanya hivyo, na Valve, wenye duka la gemu za kompyuta la Steam, kwenye miwani yao ya Steam Frame waliyoitangaza Novemba 2025 wameenda mbele kidogo, wanatumia mbinu hiyohiyo kwenye kurusha picha kutoka kwenye kompyuta bila waya, kwamba hata mawimbi ya hewani yapewe kipaumbele pale jicho linapotazama. Hilo ni jambo zuri sana kiufundi na naona wengine wote wataiga.

Sasa uzito. Quest 3 ni gramu 515. Nusu kilo mkononi sio kitu, lakini nusu kilo iliyoning'inia mbele ya uso inavuta shingo na inakandamiza mashavu, ukiivua baada ya nusu saa una alama nyekundu kuzunguka macho kama umetoka kupiga mbizi, sponji limelowa jasho, na kama umesuka au umefunga kilemba basi ile mikanda ni vita nyingine kabisa ambayo waliobuni hawakuifikiria. Apple walikuja na Vision Pro Februari 2024, dola 3,499, kioo kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuuzwa kwa mtu wa kawaida, wakaitoa betri nje na kuiweka mfukoni na waya, na bado kichwani zilibaki gramu 600 hadi 650. Toleo la Oktoba 2025 lenye chipu ya M5 limepanda hadi 750 mpaka 800, kwasababu mkanda mpya una uzito wa kusawazisha nyuma. Kampuni tajiri kuliko karibu zote duniani, na suluhisho lake la uzito ni kuongeza uzito. Hapo unaona ukuta uko wapi.

Ila inawezekana kupunguza. Kampuni ndogo ya Marekani, Bigscreen, ilitoa Beyond mwaka 2023, gramu 127 tu, na ya pili mwaka 2025 ina 107. Siri yake? Wameondoa betri, wameondoa chipu kubwa, kila anayenunua ile ya kwanza uso wake ulipimwa kwa simu ili sponji litengenezwe la kwake peke yake. Lakini inahitaji kompyuta kali, waya, na vile vifaa vya kufunga chumbani, tumerudi 2016. Kwahiyo kila mtengenezaji anachagua maumivu yake, ukitaka wepesi unarudi kwenye waya, ukitaka uhuru unabeba nusu kilo.

Ukishika hayo, habari ya pesa inaeleweka. Mwanzoni mwa 2023 mtandao wa The Verge uliripoti kikao cha ndani cha Meta ambapo ilielezwa kwamba Quest zilizouzwa zinakaribia milioni 20, ni nyingi sana, lakini katika kikao hichohicho bosi mmoja wa VR akasema wanunuzi wapya hawaishiki miwani kama walivyoishika wale wa mwanzo. Hapo ndo penyewe. Kuuza wanaweza, Krismasi ya Marekani inauza, tatizo ni mtu kurudi kuivaa mwezi wa tatu. Na mtu harudi kwasababu kila kuivaa ni kazi, usafishe nafasi sebuleni, uchaji, usubiri apdeti, ufute lenzi, ujifunge, halafu ujitenge na watu wa nyumbani. Simu unaitoa mfukoni tu.

Na asiporudi, hanunui gemu. Asiponunua gemu, studio hazilipwi. Meta alikuwa anafidia hapo kati kwa kununua studio na kulipia gemu, ndo sehemu ya zile bilioni, na sasa anapunguza, Agosti 2024 aliifunga studio ya Ready at Dawn, na mwanzoni mwa 2026 akafunga nyingine na kupunguza watu kwenye kitengo hicho. Horizon Worlds, ule ulimwengu wa kukutania uliotokana na ndoto ileile ya metaverse iliyofanya kampuni ibadilishe jina kuwa Meta Oktoba 2021, Wall Street Journal iliripoti mwaka mmoja baadaye kwamba watumiaji wake kwa mwezi hawafiki hata 200,000. Kwa upande wa Apple, siku ya uzinduzi Netflix na YouTube hawakuwa na apu ya Vision Pro, na kwa bei ile hakuna wa kuwalaumu, watazamaji wako wapi?

Lakini kuna waliorudi, na nani hao? Watoto. Gorilla Tag, gemu ya kukimbizana kama sokwe, haina hata kitufe cha kutembea, unajisukuma kwa mikono mpaka unatoka jasho, kuicheza kwenye Quest ni bure, na mapato yake yamepita dola milioni 100. Mtu mzima anayetafuta VR ya kifahari anapita bila kuiona, wakati vijana wa miaka 12 wamegeuza kuwa uwanja wao wa shule. Sokoni hilo limebadilisha kila kitu, gemu za kulipia dola 30 au 40 zinahangaika, za bure zenye kuuza kofia na mapambo zinastawi. Mimi kama mzazi lingenipa mawazo kidogo, maana humo ndani kuna sauti za watu wasiojulikana na kamera zinazosoma chumba chako, na Meta mwaka 2023 walishusha umri hadi miaka 10 kwa akaunti zinazosimamiwa na mzazi. Kama mtoto anacheza, tuma picha iende kwenye TV au kwenye simu yako uone anachokiona, Quest zote zinaweza.

Kwahiyo mbele kuna nini? Pesa kubwa sasa inakimbilia miwani ya kawaida, ya kuvaa barabarani. Ray-Ban Meta, yenye kamera na spika bila kioo chochote cha picha, ilianza kuuzwa Oktoba 2023 na mpaka Februari 2025 mtengenezaji wake EssilorLuxottica alisema zimepita milioni 2. Septemba 2025 ikaja yenye kioo kidogo kwenye jicho moja, dola 799, gramu 69. Bloomberg waliripoti Oktoba 2025 kwamba Apple nao wamesimamisha mpango wa Vision nyepesi ili wahandisi wahamie kwenye miwani hiyo ya barabarani. Wengi wanasoma hizi habari wanasema basi, VR kwisha, miwani imeirithi. Sikubaliani. Kile kioo cha dola 799 kina upana wa digrii 20 tu, kinakuonyesha meseji na ramani pembeni. Hata Orion, ile ya majaribio Meta waliyoionyesha Septemba 2024, ina digrii 70 na gharama yake ilikuwa kubwa mno kuingia dukani. Ni vitu vyenye kazi tofauti, kimoja kinakuongezea kitu kwenye dunia unayoiona, kingine kinakutoa kwenye dunia hiyo kabisa. Miwani itachukua umma wote wa watu wanaotaka kitu cha kutwa nzima. VR itabaki na kazi za nusu saa, saa moja: gemu, mazoezi, filamu ukiwa peke yako, na mafunzo, rubani, daktari wa upasuaji, fundi wa umeme wa msongo mkubwa, kazi ambazo kukosea kwa kweli kunaua. Kwa maoni yangu hilo ni soko halali kabisa, ni dogo kuliko la simu, na tatizo limekuwa kulipima kwa rula ya simu.

Na bado wapo wanaoingia. Samsung na Google walitoa Galaxy XR Oktoba 2025, dola 1,799, nusu ya bei ya Apple. Valve wanaileta Steam Frame kwa watu wenye gemu zao tayari kwenye Steam, na hao ndo wateja wanaorudi. Nikitakiwa kuangalia kitu kimoja miaka miwili ijayo nitaangalia gramu kabla ya pikseli. Siku mtu atakapoweka chipu na betri mfukoni, akabakiza gramu chini ya 200 usoni, bila kompyuta ya pembeni, kwa bei ya simu ya kati, hapo ndo tutajua kama VR ina nafasi pana zaidi ya hii.

Kwa walioko Afrika Mashariki kuna mambo machache ya kujua kabla ya kutoa hela. Meta hauzi Quest rasmi huku, zinazopatikana zinapita Dubai au kwa ndugu wa nje, kwahiyo waranti hesabu hakuna, na kulipia gemu kunaweza kukusumbua kutegemea nchi ya akaunti yako na kadi uliyonayo. Gemu kubwa zinakula gigabaiti 10 na zaidi, kwa bando la simu utalia. Ya mtumba ikiwa Quest ya kwanza kabisa achana nayo, haipati tena apdeti za usalama tangu 2024, Quest 2 inacheza bado ila imeshaacha kutengenezwa. Kama macho yako yana miwani ya daktari, 3S na 3 unaweza kuzivaa juu yake au kuagiza lenzi za kuchomeka zenye namba yako, ni nafuu kuliko kukwaruza lenzi za ndani. Na ukikagua ya mtumba iwashe, vaa, tafuta picha nyeupe, angalia kama kuna vidoa vya njano au vyeusi visivyosogea. Vile ni jua. Lenzi zinakusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto, miwani ikiachwa dirishani zikiangalia nje dakika chache tu kioo kinaungua, na hakuna fundi wa kukifufua zaidi ya kubadilisha kioo kizima, ambacho spea yake huku kuipata ni shughuli.